Majina Sita ya Kupokea Barua

Sehemu ya nne

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimefukuzwa kazi Changamwe kwa sababu ya mdomo wangu, nimerudi kwa mamangu Junda na digrii yangu ya kompyuta, na nimefungua saiba, duka la intaneti, katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Baadhi yenu mlituma salamu za pole. Hizo pole ziwekeni kwanza. Mkimaliza kusoma ya leo mtataka niwarudishie.

Jina langu Sabah, na wateja wangu nilikuwa nawadharau.

Tena si kidogo. Nilimdharau mama aliyekuja kuomba cheti cha kuzaliwa cha mwanawe na hajui alimzaa mwaka gani. Nilimdharau kijana mwenye simu ya bei kubwa kuliko kompyuta zangu zote, ambaye hajui paswadi ya barua pepe yake mwenyewe. Leo namfungulia mtu anwani mpya, wiki ijayo yuko mbele yangu anakuna kichwa, ameisahau.

Basi nikajiona nimepata akili.

Zamani mtaa wetu mzima ulitumia sanduku moja la posta, la shule ya msingi. Barua ya posa, ya kazi, ya msiba kutoka Lamu, zote zilikwenda shuleni na mwalimu mkuu akizigawa. Watu wa huku hawaoni ajabu barua zao kupokewa na mtu mwingine. Nikasema, na mimi nitakuwa sanduku la mtaa.

Nikanunua jina langu la intaneti na kukodi seva ndogo ya barua. Nikaiamuru hivi: barua yoyote inayokuja kwa jina hili, hata mbele yake pakiandikwa nani, ipokee uniletee. Sikumfungulia mtu yeyote akaunti. Mteja akija, kwenye fomu namwandikia jina lake na kulifuatisha lile langu la intaneti, anwani tayari. Hakuna paswadi ya kusahau kwa kuwa hakuna paswadi. Barua ikiingia naichapa, natia kikapuni, mwenyewe akipita anachukua.

Watu zaidi ya mia mbili niliwabeba hivyo, na nilitembea Junda kama waziri wa posta.

Mmoja wao alikuwa Ziro.

Ziro alikuwa mvunja mawe machimboni Mwakirunge. Miaka tisa iliyopita kipande cha jiwe kilimpasua jicho la kushoto, likafa. Sasa la kulia nalo lilikuwa likifunga, na madaktari wa hapa waliogopa kuligusa kwa sababu ndilo la mwisho. Palikuwa na daktari bingwa mgeni anayekuja hospitali moja mjini kwa siku tano tu. Eneo letu zima la Kisauni lilipewa nafasi nne. Mimi ndiye niliyemjazia Ziro fomu, na jibu lilikuwa lije kwa ile anwani niliyompa.

Kila asubuhi alikuja akipapasa kuta hadi mlangoni kwangu.

"Dada Sabah, hujambo? Barua yangu yaja?"

"Bado."

"Hebu angalia tena."

"Ziro, nimesema bado. Kuangalia kwangu hakuiharakishi."

"Haya dada. Usinikasirikie."

Umri wake ni sawa na wa marehemu babangu, na sikuwahi kumpa shikamoo hata siku moja.

Sasa Jumatatu moja nilifungua kompyuta nikakuta barua elfu sita.

Zote zilisema jambo moja. Barua yako haikufika. Mpokeaji hajulikani. Sanduku la mpokeaji limejaa. Zilitoka Poland, Brazili, Uturuki, na nchi ambazo sina hata wa kumsalimia. Seva za watu zilikuwa zikinirudishia barua ambazo sikuzituma. Nilifungua kadhaa kuona ndani mna nini. Matangazo ya dawa za nguvu za kiume! Na mtumaji ni nani? Majina ya ajabu ajabu, lakini yote yakiishia kwa jina langu la intaneti.

Nikampigia Dancun, kijana wa Nairobi wa ile kampuni iliyonikodisha seva.

"Tulia, hakuna mtu ameingia kwa seva yako," alisema. "Kuna msee huko nje anatuma taka, halafu nyuma ya bahasha anaandika ni wewe umetuma. Zile zimekosa mwenyewe zinarudi kwako. Yeye hata haoni hata moja."

"Yaani yeye atume uchafu, urudi kwangu?"

"Ndio hivyo. Na hiyo maneno ya kupokea kila jina ndio inakumaliza. Izime. Andika majina ya watu wako wa ukweli, hayo mengine yote seva iyakatae kwa mlango. Isiyaingize hata."

"Sawa."

"Na ile rekodi ya kuambia dunia ni seva gani pekee inaruhusiwa kutuma kwa jina lako, uliweka?"

"Niliona haina haja."

"Aah, madam."

Hiyo madam yake ilinichoma hadi kwenye ini. Mtoto wa juzi anifunze mimi kazi! Nikamkatia simu.

Mamangu, Bi Mwanasaumu, akatoka jikoni na chupa ya dawa mkononi.

"Sabah mwanangu, hebu nisomee hapa. Herufi zaniruka."

"Mama, nina kazi."

"Ni neno moja tu. Ni viwili au ni vitatu kwa siku?"

"Vitatu. Na hayo macho ni uzee, Mama. Nshakwambia."

Akarudi jikoni na chupa yake.

Nikakaa kuandika majina. Kuyakusanya yote kulitaka nipekue fomu za miezi kumi na minne, kazi ya siku mbili. Kwenye kompyuta barua elfu sita zilikuwa zimeshakuwa elfu saba. Nikaandika majina sita.

Mtaniuliza ni yapi. La kwanza langu. La pili la wakili mmoja aliyekuwa akinipa kazi ya kuchapa. La tatu la Sharif, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, kwa sababu Sharif ana gari na hupenda kupiga honi mbele ya saiba yangu watu waone. Matatu yaliyobaki yalikuwa ya watu waliosoma, watu ambao nikiwaambia kitu hawahitaji nirudie mara tatu. Waliobaki, mia mbili na zaidi, niliona watangoja. Wamezoea kungoja.

Ziro sikumsahau. Msije mkanitetea kwa hilo. Alikuwa amesimama mlangoni wakati naandika, ameinamisha kichwa akinisikiliza vidole. Nilimtazama, nikasema moyoni huyu nitamweka kesho.

Kisha nikafanya jambo jingine. Seva hukuruhusu kuchagua maneno ya kumwambia yule unayemkataa. Watu wenye adabu zao huacha yale yaliyowekwa na mashine. Mimi nikaandika yangu: "Hapa hakuna mtu huyo. Tumechoshwa na takataka zenu. Msituandikie tena."

Nikacheka peke yangu. Niliwaza yule mwizi wa jina langu anayasoma na kuona haya. Mjinga mie! Dancun alikuwa ameshaniambia wazi kwamba mwizi haoni hata moja.

Jumanne kimya. Jumatano kimya. Kompyuta ikawa safi na kikapu kitupu, na nikajisifu kwamba nimemshinda mwizi wa dunia nzima. Kesho ya kumweka Ziro ikaja ikapita. Naye Ziro alikuja siku hizo zote mbili, na siku hizo zote nilimjibu bado.

Alhamisi alikuja mapema kuliko kawaida. Hakuuliza habari ya barua. Alikaa kwenye benchi, fimbo katikati ya magoti.

"Dada Sabah, mwenzangu wa machimboni ashaitwa."

"Ameitwa wapi?"

"Kwa daktari wa macho. Twalijiandikisha siku moja, mimi na yeye. Yeye anwani alipewa na mjukuu wake. Asema barua yake ilikuja Jumatatu."

"Jumatatu?"

"Jumatatu adhuhuri. Basi nikasema labda yangu iko, ila wewe una mambo mengi."

Niligeukia kompyuta. Kila seva ya barua ina daftari lake. Huandika nani amebisha hodi, saa ngapi, akimtaka nani, na akaambiwa nini. Nililifungua. Kukataa kulijaa kurasa na kurasa, maelfu ya majina ya uongo. Katikati yake nikaiona anwani ya hospitali. Jumatatu, saa saba u nusu. Anatakiwa Ziro. Imekataliwa. Jumanne, saa tatu asubuhi. Anatakiwa Ziro. Imekataliwa.

"Mbona umenyamaza?" aliuliza.

"Mtandao unasumbua."

"Iko?"

"Rudi kesho, Ziro. Kesho nitakuwa na jibu."

Nilimdanganya mtu mwenye jicho nusu, naye akanishukuru.

Alipoondoka niliandikia hospitali barua ya haraka. Nilieleza, niliomba radhi, niliweka na neno tafadhali, neno ambalo vidole vyangu vilikuwa vimelisahau. Nikatuma. Haikupita dakika ikarudi. Seva yao imeikataa. Anwani hii imeripotiwa kwa kutuma taka.

Nilituma nyingine, ikarudi. Ya tatu nayo ikarudi. Elfu saba zilirudi kwangu na hakuna hata moja iliyokuwa yangu. Hizi tatu zilikuwa zangu, na ndizo zilizonitoa machozi.

Nikafungua anwani nyingine ya bure, kama wale wateja ninaowacheka, nikatuma kupitia huko. Hiyo ilipita, lakini haikujibiwa. Namba ya simu iliyo kwenye fomu ililia bila kupokewa hadi ofisi zikafungwa.

Ijumaa saa nne asubuhi ikapokewa. Msichana alijitambulisha kwa jina la Faith, ndiye mwenye orodha ya wagonjwa.

"Ziro wa Junda," nilisema. "Nataka kumthibitishia."

"Ngoja." Nikasikia akifungua makaratasi. "Huyu alitolewa."

"Ametolewaje?"

"Tuliwaandikia mara mbili. Mkatujibu tusiwaandikie tena. Mkatuambia tunatuma takataka. Nikusomee?"

"Usinisomee."

"Mimi nilishangaa sana, madam. Nikaonyesha bosi wangu, akasema mgonjwa kama hataki asilazimishwe."

"Ilikuwa mashine. Ilijibu yenyewe."

"Mashine gani inachoka na watu hivyo?"

Nikamwambia ukweli, nusu yake. Kwamba kulikuwa na taka nyingi, kwamba jina lilikosekana kwenye orodha. Sikumwambia nani aliiandika hiyo orodha.

Akavuta pumzi. "Sikiza. Nafasi yake tumepatia mwenye anafuata kwa listi ya Kisauni. Ametumiwa barua leo asubuhi. Asipothibitisha kufikia saa kumi jioni, ama aseme hataki, nafasi inarudi kwa mzee wako. Daktari anaanza Jumapili, siwezi kungoja zaidi."

"Ni nani huyo anayefuata?"

"Hiyo siwezi kukuambia. Acha namba."

Nikaacha namba ya saiba. Tangu hapo, wallahi, nilimwomba Mungu kwamba mtu nisiyemjua, mgonjwa, kipofu labda kama Ziro, asiione barua yake. Nilimwombea simu yake iishe chaji. Nilimwombea asahau paswadi.

Ziro alifika baada ya swala ya Ijumaa, akaketi kwenye benchi lake nje ya mlango. Nilimwambia nangoja simu kutoka hospitali. Saa nane ikapita, saa tisa ikapita, na simu haikulia. Kila dakika ikipita kimya nilipata matumaini.

Saa tisa na nusu mamangu akaita kutoka ndani.

"Sabah! Sabah!"

"Abee, Mama."

"Njoo mbio, mwanangu! Njoo unisomee!"

Alikuwa amesimama katikati ya chumba, ameishika simu yake kwa mikono miwili, leso imemteleza kichwani naye hana habari.

"Asmaa kanipigia sasa hivi. Asema kuna barua yangu humu, kaileta kwa simu. Asema ni ya daktari. Hebu soma, nisikie kwa masikio yangu."

Asmaa ni mdogo wangu, ameolewa Likoni.

"Daktari gani, Mama?"

"Wa macho. Asmaa alinijazia fomu alipokuja Idi. Sukari yanila macho, Sabah. Sikuoni uso wako tangu Ramadhani. Naona kivuli tu, najua ni wewe kwa maneno yako."

"Na mbona hukunambia mimi? Si mimi ndiye ninayejazia watu fomu?"

"Nilikwambia mara tatu. Wewe wanambia ni uzee."

Nikaisoma. Bi Mwanasaumu, Junda, umepata nafasi iliyoachwa wazi na mgonjwa aliyejiondoa. Thibitisha kabla ya saa kumi jioni.

Mamangu aliinua mikono yote miwili. "Alhamdulillahi! Alhamdulillahi! Nani huyo aliyejiondoa, Mungu amlipe heri. Nijibie mwanangu, waambie naja. Hata kwa miguu naja."

Nikaketi na ile simu. Nilikuwa na njia tatu. Ningeweza kuandika naja, na jicho la Ziro lifungwe kwa mkono wangu. Ningeweza kuandika siji, kwa jina la mamangu, na asijue maisha yake yote. Au ningeweza kukaa tu na simu mkononi, nimwambie nimeshatuma, na kuacha saa kumi ifike. Hii ya tatu ndiyo iliyonivutia zaidi. Ndiyo ya kiwoga, na mimi nimeanza kujijua.

Lakini nyumba yetu ni ukuta mmoja na pazia.

"Hongera, Bi Mwanasaumu!" Ziro aliita kutoka kwenye benchi. "Nimesikia. Hujambo?"

"Sijambo, baba! Ahsante. Na yako je, ishakuja?"

"Yangu bado. Sabah asema bado."

"Basi nitakuombea. Sabah, hebu mtazamie mwenzangu na yeye. Maskini kila siku yuko hapo."

Nikatoka na simu mkononi, mamangu akinifuata nyuma ameshika bega langu. Nilijaribu kusema kitu kingine. Nilijaribu kusema mtandao.

"Ziro," nilisema, "yako ilikuja. Ilikuja Jumatatu na ikaja Jumanne. Niliirudisha mimi. Sikukuandika kwenye orodha, ikakataliwa, nao wakadhani hutaki. Nafasi hii aliyopewa Mama ni yako. Akithibitisha kabla ya saa kumi, imekwenda. Akikataa, watakupigia wewe."

Mkono wa mamangu ukatoka begani kwangu.

"Ushatuma?" aliniuliza.

"Sijatuma."

"Nipe simu yangu."

"Mama, ngoja tu..."

"Nimesema nipe, Sabah."

Nikampa. Aliipapasa kuhakikisha ni yake, akageuka, akaenda chumbani mwake akishika ukuta. Akatia komeo. Nikamsikia akimwita Asmaa kwenye simu, kisha sauti yake ikashuka, nami sikuweza kutambua neno hata moja.

Ziro alikuwa hajasogea. Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane, ningejua pa kushika.

"Basi nisomee," alisema.

"Nikusomee nini?"

"Barua yangu. Hata kama imekwenda. Nataka kusikia walivyoniandikia."

"Sina, Ziro."

"Uliichana?"

"Sikuichana. Haikuingia kabisa. Seva ikikataa hailazi barua kwake, huirudisha vivyo hivyo. Hata mimi sikuiona."

Akageuza uso kuelekea barabarani.

"Kwa hivyo waliniita mara mbili," alisema, "na wewe ukawajibu kwa ajili yangu."

"Ndiyo."

"Saa ngapi sasa?"

Nilitazama ukutani. "Kumi kasoro dakika saba."

"Shikamoo hukunipa leo pia," alisema.

Nilifungua mdomo nimpe. Ndani sauti ya mamangu ikakoma, na komeo la mlango wake likafunguliwa.